Nanotesla tano zinavyovuruga anga la ncha za Dunia

Swali: Mtaalamu, nimesoma kwamba uga wa sumaku unaoletwa na upepo wa Jua, yaani chembe zenye chaji zinazotiririka kutoka Jua, huwa na nanotesla 5 hivi tu (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ilhali uga wa Dunia kule kwenye ncha hukaribia nanotesla 60,000. Inakuwaje kitu dhaifu mara elfu kumi na mbili kivuruge ionosfia ya ncha, yaani anga la juu lenye chaji za umeme? Na je, tabaka za D, E na F huathirika sawa?

Jibu: Hesabu yako haina kosa, ndugu msomaji, ila umewapima wapiganaji mahali ambapo hawapigani. Nanotesla 60,000 ni za ardhini, na uga wa Jua haushuki huko. Hukutana na wetu upande wa mchana, yapata kilomita 64,000 kutoka kitovu cha Dunia. Huko uga wetu umebaki makumi machache ya nanotesla, na ule wa Jua umesongamana baada ya kugonga kizuizi. Kwa hiyo wanakaribia kulingana, na kinachoamua ni mwelekeo.

Pale uga wetu huelekea kaskazini. Ule wa Jua ukielekea kusini, mistari ya sumaku ya pande mbili hukatika na kuungana upya kwa namna nyingine: mstari mmoja unakuwa na mguu kwenye ncha ya Dunia na mwisho wake wa pili huko kwenye upepo wa Jua. Mwanafizikia James Dungey alilieleza wazo hili mwaka 1961. Sehemu ya uga inayohusu kaskazini na kusini tunaiita Bz, na ndiyo ninayoitazama kwanza kila ninapofungua chati. Nanotesla 5 za kusini zinanishughulisha kuliko 15 za kaskazini.

Mlango ukishafunguka, upepo wa Jua unaendelea na safari yake, kilomita 400 kwa sekunde, huku ukiiburuta ile mistari kuelekea upande wa usiku. Zidisha mwendo huo kwa nanotesla 5, utapata uga wa umeme wa milivolti 2 kwa mita. Ni kidogo, lakini mistari ya sumaku hupitisha umeme mithili ya waya, na kadiri inavyoshuka kuelekea nchani hubanana. Umeme unafika chini ukiwa umekolea, makumi ya milivolti kwa mita. Tuseme 50. Gawanya kwa uga wa nanotesla 50,000 ulioko kwenye ionosfia, jibu ni mita 1,000 kwa sekunde. Huo ndio mwendo wa utegili, yaani ile gesi yenye chaji, ukikatiza juu ya ncha kutoka mchana kwenda usiku, kisha kurudi kwa pembeni, upande wa alfajiri na upande wa machweo. Vinakuwa vizingia viwili vikubwa vinavyozunguka kwa mielekeo inayopingana. Tofauti ya volti kati ya upande mmoja wa ncha na wa pili huwa kilovolti 30 hivi siku tulivu, na hupita 100 siku ya dhoruba.

Sasa tabaka za ionosfia: D ni la chini, E la kati, F la juu. Tabaka F ndilo linalonifurahisha zaidi. Wakati wa baridi Jua halichomozi nchani kwa wiki nyingi, na ungetarajia tabaka hilo life kabisa. Halifi. Mkondo niliouelezea huchota utegili uliozalishwa na mwanga wa Jua mbali na ncha, upande wa mchana, na kuuingiza gizani. Mara nyingi hukatika vipandevipande vyenye upana wa mamia ya kilomita, kila kimoja kizito mara kadhaa kuliko mazingira yake. Kikienda mita 500 kwa sekunde, kipande huvuka kilomita 3,000 za kofia ya ncha, yaani eneo linaloizunguka ncha, kwa muda wa saa moja na dakika arobaini. Hakifi njiani kwa sababu kwenye kimo cha kilomita 300 hewa ni nyembamba na ioni hukawia kupata elektroni za kuungana nazo. Kingo za vipande hivyo ndizo zinazofanya mawimbi ya setilaiti za GPS yatetereke mpokeaji akashindwa kuyashika.

Tabaka E lina hadithi nyingine. Elektroni zenye kasi hushuka kwenye ukanda wa aurora, ile mianga ya angani karibu na ncha, na kuigonga hewa kwenye kilomita 100 hadi 120. Hewa inang'aa, na tabaka linapitisha umeme vizuri zaidi. Mikondo ya umeme inayopita hapo huipasha hewa joto, hewa inapanda ikibeba molekuli za nitrojeni, na nitrojeni hiyo huharakisha kufa kwa ioni za oksijeni kule juu. Ndiyo maana baada ya dhoruba kubwa tabaka F linaweza kukonda siku nzima, wakati wengi wanadhani mambo yameshatulia.

Kwa tabaka D usiilaumu sana Bz. Linalolivuruga ni protoni za milipuko ya Jua, ambazo hupenya hadi kilomita 60 hadi 90 na kumeza mawimbi mafupi ya redio kwa siku kadhaa. Uga wa sumaku huchangia kuamua tu protoni hizo zifike umbali gani kutoka nchani. Ndege za njia ya ncha hubadilishiwa njia kwa sababu hiyo.

Bz ikielekea kaskazini, usidhani ncha imelala. Mistari huungana nyuma zaidi, mkondo katikati ya ncha unaweza kugeuka uelekee Jua, na hutokea michirizi ya aurora iliyonyooka kulielekea Jua. Na sehemu ya pembeni ya uga, By, huvipinda vile vizingia upande mmoja kaskazini na upande wa pili kusini. Usichukue ramani ya Aktiki ukaitumia Antaktika.

Ukitaka kufuatilia mwenyewe, vyombo vya angani kama ACE, kilichorushwa 1997, hupima upepo huu kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Kwa mwendo wa kawaida una saa moja hivi kabla haujafika kwetu. Mei 2024 Bz ilishuka karibu na nanotesla hasi 50, yaani 50 za kusini, na upepo ulikuwa na kasi karibu maradufu ya kawaida, kwa hiyo muda huo ulikatika nusu.