Usifomati kesho! Chomoa waya wa mtandao kwanza

Mkuu, hiyo flashi ya Windows iweke kabatini. Umesema programu ya hesabu inachukua dakika nzima kufunguka, ukibonyeza "hifadhi" dirisha linaganda, na fundi amekwambia uongeze RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) kisha mfomati. Hayo maneno niliambiwa mimi neno kwa neno, na nikalipa.

Nilianza kwa kuuziwa RAM. Hakuna kilichobadilika. Nikaambiwa diski imechoka, ikawekwa SSD, diski ya kasi. Windows ikawa inawaka upesi kweli, lakini Excel ikaendelea kuganda palepale. Ndipo ikaja kufomati, na hapo ndipo nilipoumia hasa. Leseni ya programu ya hesabu ilikuwa imesajiliwa kwenye Windows ile iliyofutwa, nikanunua nyingine. Mafaili yaliyokuwa kwenye desktop hayakunakiliwa, fundi akajibu eti sikumwambia. Alipomaliza, akarudisha kwa mkono mipangilio aliyoikuta: anwani ya seva ya DNS (ile inayogeuza majina ya mtandao kuwa namba za anwani) iliyokwisha kuondolewa, na printa kuu (default) yenye IP, yaani namba ya anwani, isiyokuwepo tena. Programu zikaganda vilevile, kwenye kompyuta mpya tupu! Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka. Fundi anayeshika bisibisi kabla hajafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kompyuta inashughulika na nini, huyo anauza vipuri, hatengenezi.

Angefungua angeona prosesa imelala na diski imetulia wakati programu imeganda. Maana yake kompyuta haijaelemewa, inasubiri jibu. Programu imeulizia printa, folda au seva ambayo haipo, na Windows inaweza kukaa sekunde kama 20 kabla ya kukata tamaa. Maswali matatu ya namna hiyo yakifuatana, dakika yako hiyo imekwisha.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chomoa waya wa mtandao, zima na Wi-Fi, kisha fungua programu. Bila mtandao kompyuta inajua mara moja kwamba hakuna njia ya kufika kule, haisubiri. Ikifunguka upesi, RAM haihusiki kabisa. Kama data ya programu yako iko kwenye seva itagoma kufunguka, basi jaribu kwa Excel au Word tupu.

Lako, kwa jinsi dirisha la kuhifadhi linavyoganda, nashuku draivu ya mtandao, yaani folda ya seva iliyopewa herufi kama diski. Fungua Command Prompt uandike net use. Ukiona herufi, tuseme Z:, imeandikwa Unavailable na seva yake haitumiki tena, iondoe kwa net use Z: /delete. Dirisha la kuhifadhi hujaribu kuzifikia draivu hizo kila linapofunguka, hata kama wewe unahifadhi kwenye C:. Halafu weka printa kuu iwe ile ya PDF ujaribu tena, kwa kuwa Word na Excel huiulizia printa kuu zinapofunguka.

DNS itazame kwa ipconfig /all. Seva ya kwanza kwenye orodha ikiwa imekufa, majina yanaweza kusubiri kwanza ndipo yaende kwa ya pili. Lakini tafadhali, kama kompyuta iko kwenye domeni ya ofisi (imeunganishwa na seva inayosimamia kompyuta zote za ofisi) usikimbilie kuweka 8.8.8.8, DNS ya umma ya Google, kama watu wanavyoshauriana humu. Seva hiyo haiyajui majina ya ndani ya ofisi yenu, na utaongeza mgando juu ya mgando. Weka anwani ya seva ya DNS ya ofisi iliyo hai. Na kama hamtumii proksi (seva ya kati ya kupitia kwenda intaneti), zima ile swichi inayotafuta mipangilio ya proksi yenyewe.

Fanya jaribio la waya leo kabla fundi hajafika, tena mbele ya anayelipa. Akija, mwonyeshe programu ikifunguka bila waya, umuulize RAM ya nini.