Mama Tiketi Anajibu: Tukishafika Namugongo, turudi kwa njia gani?

SWALI: Mama Tiketi, salamu nyingi kutoka Bungoma. Mimi na mzee wangu tumejiandikisha parokiani kutembea hadi Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Watoto wamekua, shamba tunamwachia kijana wetu mkubwa, na hii ni mara ya kwanza kwenda wote wawili. Kikundi kimekodi basi la kuturudisha tarehe 4, lakini sisi hatutaki kurudi nalo. Mzee anataka tuendelee hadi Kibeho, Rwanda, kwa Bikira Maria. Mimi nina dada yangu aliyeolewa Bukoba. Hatujaonana tangu mazishi ya mama. Ningependa tupite kwake, tupande meli hadi Mwanza, halafu turudi kwa njia ya Sirari tukiwa tumelizunguka ziwa. Mzee ana pasipoti, mimi nina kitambulisho tu, na pesa si nyingi. Nikimuuliza anasema tutaamua tukifika. Je, tunaweza kufanya yote mawili? Na maji ya baraka tutayabebaje safari yote hiyo?
Mama N., Bungoma

JIBU: Mama N., hilo la "tutaamua tukifika" lifute leo jioni, kabla ugali haujaiva. Nilikata tiketi za basi Kisumu miaka mingi kabla ya kuanza kuandika hapa, na kila mwanzo wa Juni dirisha langu lilijaa watu waliotoka Namugongo. Kuna mume na mke siwasahau. Mume amevaa kandambili, vidole viwili vimefungwa kitambaa cha leso. Mke amekumbatia dumu la njano la lita tano, kifuniko hakijakaza, maji yanamchuruzika kwenye sketi na yeye hana habari. Mume anasema tupe za Nakuru. Mke anasema Kakamega. Foleni nyuma yao imefika mlangoni, na kila mmoja ananiangalia mimi kama hakimu. Hawakuwa watu wakorofi hata kidogo. Walikuwa wamechoka, na mtu aliyetembea siku baada ya siku kwenye lami, jua la mchana na mvua ya jioni, hana akili iliyobaki ya kupanga safari nyingine.

Sasa Kibeho na Bukoba. Ukitazama ramani, yote mawili yanawezekana: Kampala hadi Kigali, Kigali hadi Huye, Huye hadi Kibeho, kisha Rusumo, Ngara, Biharamulo, Muleba, ndiyo Bukoba. Msifanye hivyo. Kampala hadi Kigali peke yake ni zaidi ya kilomita 500, na mabasi mengi huenda usiku. Miguu iliyotoka Malaba ikapita Tororo, Bugiri, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira na Mukono, halafu ininginizwe kwenye kiti usiku kucha, itavimba mpaka viatu vikatae. Hapo bado hamjaanza kupanda milima ya kusini mwa Rwanda.

Mimi nasema Juni hii nendeni Bukoba, na mzee aahidiwe Kibeho mwezi wa Novemba. Mwambie hajanyimwa kitu. Sikukuu yenyewe ya Kibeho ni tarehe 28 Novemba, siku Alphonsine Mumureke, msichana wa shule, alipotokewa na Bikira Maria mara ya kwanza mwaka 1981. Kanisa lilithibitisha kutokewa huko mwaka 2001. Afadhali afike siku ya siku kuliko kufika Juni akichechemea. Tena Rwanda mtaingia wote wawili kwa kitambulisho, maana Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hilo tangu 2014. Novemba ikifika mkumbushe mambo mawili: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kule tangu 2008 na wanaikagua mpakani, na saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Wengi huchanganyikiwa na tiketi ya kurudi kwa ajili hiyo.

Tanzania haimo kwenye mpango huo wa vitambulisho, na hapo ndipo kazi yako ilipo. Nenda ofisi ya uhamiaji mapema ukaulizie pasipoti, na kama pesa au muda hautoshi, ulizia hati ya muda ya kusafiria ndani ya Afrika Mashariki. Usingoje Mei. Ukishaipata, itumie tangu Malaba, na mzee naye atumie pasipoti yake tangu Malaba. Vikundi vya hija huvuka mpaka kwa wingi, watu wanaimba, viongozi wanaharakisha, na ni rahisi kupita na umati bila kugongewa muhuri. Kwa anayerudi na kikundi huenda isiwe neno. Ninyi mtatokea Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, na afisa wa pale atataka kuona mliingilia wapi. Jitengeni na nyimbo dakika kumi, mpange foleni dirishani. Pia mchanjwe homa ya manjano angalau siku kumi kabla ya kuondoka, na vile vyeti vya njano vikae pamoja na pasipoti. Chanjo ni ya mara moja tu maishani, kwa hiyo hata cha zamani kinafaa mradi hakijapotea.

Baada ya misa ya tarehe 3 msikimbilie gari. Ni sikukuu ya taifa Uganda, barabara za Kireka na Kyaliwajjala zinafungwa au zinajaa watu, na nauli inapanda mpaka unaona aibu kwa niaba ya anayeitaja. Laleni. Tarehe 4, wakati kikundi kinapanda basi lake, ninyi chukueni gari taratibu hadi Munyonyo, upande wa kusini wa Kampala, karibu na ziwa. Mahujaji wengi wanaotoka kwetu hawafiki huko kwa sababu wanaingia Namugongo kutoka mashariki na kugeuza hapohapo. Lakini Munyonyo ndiko Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikowahukumu wale vijana mashahidi mwezi Mei 1886. Kutoka huko walitembezwa wamefungwa mpaka Namugongo, ambako Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto tarehe 3 Juni. Mtakuwa mmeifuata njia yao mkianzia mwisho. Pana mahali pa kusali na kukaa kivulini, na upande huo wa jiji ndio unaowaelekeza Masaka.

Pumzikeni huko hata siku mbili. Miguu iinueni juu ya mto mkilala, malengelenge yasitumbuliwe, na mwendo usizidi wa kwenda kutafuta chai. Nikuombe jambo moja kwa uzito: mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake na shavu la mguu likauma au likapata moto, msipande gari lolote. Nendeni hospitali kwanza, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda, na kukaa kitini kutwa nzima kunazidisha hatari.

Kutoka Kampala yako mabasi yanayokwenda Bukoba moja kwa moja, ila kwa hali yenu ningeikata safari mara mbili. Siku ya kwanza Masaka, kilomita kama 130. Mtavuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, na Lukaya mtaletewa nyama choma na ndizi za kuchoma mpaka dirishani. Siku ya pili Masaka hadi Mutukula, mbadilishe shilingi za Uganda zilizobaki, mvuke, kisha Hiace hadi Bukoba kwa dada.

Kwa dada kaeni. Mazishi hayakuwapa nafasi ya kuzungumza, najua yanavyokuwa. Siku mzee akianza kutazama saa, mpelekeni kanisa kuu la Bukoba, lilipo kaburi la Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi. Huyo atamtuliza kidogo na hoja ya Kibeho.

Meli ya Bukoba hadi Mwanza husafiri usiku, na si kila siku. Kazi ya kuulizia ratiba na kununua tiketi mpe dada tangu sasa, maana yeye yuko pale. Chukueni daraja la vitanda. Najua umesema pesa si nyingi, lakini hapa ndipo pa kuzitumia: mtalala mmenyooka, na mtakuwa mmeokoa gharama ya chumba usiku huo. Pesa za kitanda zitengwe nyumbani, zishonewe mahali. Mwenye kuzishika awe mmoja na mwenye kuandika matumizi awe mwingine. Nimeona ndoa za miaka thelathini zikitikisika kwa sababu ya nauli ya bodaboda.

Mwanza hadi Sirari ni safari ya kutwa. Mkitoka mjini kaeni upande wa kushoto wa basi mwone ziwa. Baada ya Lamadi utamu unahamia kulia, barabara inapopakana na Serengeti, na Juni mkibahatika mtaona nyumbu bila kulipa kiingilio. Mkishavuka Sirari mko Isebania, na njia ya kutoka hapo mnaijua.

Maji. Acha dumu la lita tano. Chukua chupa mbili za nusu lita zenye mdomo mwembamba, uzijaze pale kwenye ziwa dogo la Namugongo, uweke kipande cha nailoni mdomoni kabla ya kukaza kifuniko, kisha uzifunge ndani ya kitenge katikati ya mzigo, zisimame wima. Moja mwachie dada. Majirani watakaotaka lita nzima watembee wenyewe.

SWALI: Mke wangu ni Mkatoliki, mimi ni Mwislamu. Atatembea na wenzake kwenda Namugongo, nami nataka kumpokea siku ya sikukuu ili tuunganishe safari kwenda Fort Portal. Je, nitaonekana mgeni pale?
M., Mombasa

JIBU: Hata kidogo. Kaka yangu, mashahidi waliouawa kati ya 1885 na 1887 walikuwa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, na kila upande una mahali pake pa ibada palepale Namugongo. Na kabla yao, mwaka 1876, Kabaka Mutesa aliamuru Waislamu wauawe kwa kushika dini yao kinyume na matakwa yake. Nao wana msikiti wa kumbukumbu Namugongo. Nenda ukaswali huko wakati mke wako yuko misani.

Ila msitegemee simu. Siku hiyo mtandao unalemewa na umati. Mkubaliane kabla hajaanza kutembea: njia panda ya Kyaliwajjala, saa kumi jioni. Asipotokea kufikia saa kumi na moja, kaa hapohapo. Usianze kuzunguka ukimtafuta.