Kabla ya kukata tiketi, jua sheria inamwonaje mbwa wako

Hapa Kampala ukiwa na mbwa mkubwa wa ulinzi kama Rottweiler au Boerboel, jirani atakuuliza kama amefungwa, basi. Suala la aina yake kisheria halimhusu mtu. Ndiyo maana mtu akipata kazi nje hushughulikia viza, shule ya watoto na vyombo vya nyumbani, kisha mbwa anakumbukwa wiki ya mwisho. Nawasihi mbwa wa aina hizi mumshughulikie kwanza, kabla ya tiketi, kwa sababu anaweza kuwa ndiye pekee katika familia asiyeruhusiwa kuingia huko mwendako.

Sisi tulihama Naguru, hapa Kampala, kwenda Dublin, Ireland, na Rottweiler wetu, Simba, na tumesharudi naye. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Ulaya si wamewapiga marufuku?" Jibu ni kwamba kila nchi ina lake, na kuna tofauti kubwa kati ya mbwa aliyepigwa marufuku na mbwa aliyewekewa masharti. Ireland ina orodha ya mbwa wenye masharti ya tangu 1998 ambayo Rottweiler, Doberman, German Shepherd na Rhodesian Ridgeback wamo, pamoja na machotara wao. Unaruhusiwa kuishi nao. Ila wakitoka nje ya nyumba lazima wafungwe mdomo, washikwe kwa kamba imara isiyozidi mita 2, na anayewashika awe amepita miaka 16 na awe na uwezo wa kuwadhibiti. XL Bully, yule mbwa mkubwa mwenye misuli wa jamii ya American Bully, ni habari nyingine: huyo Ireland walimpiga marufuku kuanzia Oktoba 2024.

Vuka kidogo tu hadi Uingereza, mambo yanageuka. Rottweiler huko hayumo kwenye orodha, lakini sheria ya 1991 imekataza Pit Bull, Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, na tangu Februari 1, 2024 ni kosa kuwa na XL Bully bila cheti maalumu. Denmark imemkataza Boerboel, mbwa ambaye huku kwetu analinda mageti mengi. Ujerumani hairuhusu kumwingiza Pit Bull wala Bull Terrier, na juu ya hapo kila jimbo lina kanuni zake. Na kwa ndugu zetu wengi wanaokwenda Dubai: Falme za Kiarabu haziruhusu kuingiza Rottweiler wala Doberman. Soma pia sheria za nchi mtakayobadilishia ndege.

Kuna jambo linalowaponza watu. Uingereza haitazami jina la aina ulilompa mbwa. Inatazama umbo: kichwa, kifua, kimo. Mbwa wetu wengi wa Kampala ni machotara, na wauzaji hupenda kuwaita "pitbull" ili bei ipande, kisha daktari anaandika hivyohivyo kwenye kadi ya chanjo. Dada mmoja wa Bugolobi alinionyesha kadi ya namna hiyo akijiandaa kwenda London. Mbwa mwenyewe alikuwa na kifua kipana na taya nzito, na kwa sheria ya kule mwenye mbwa ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba si wa aina iliyokatazwa. Nilimwambia waziwazi asimpeleke. Kubadilisha maneno kwenye kadi kusingemwokoa, na gharama ya kubahatisha ingelipwa na mbwa kwa uhai wake. Alimwachia binamu yake Jinja, kwenye ua mkubwa. Iliuma, lakini mbwa yupo hai.

Kama nchi inamruhusu, anza na chipu, kile kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi. Chipu hutangulia chanjo ya kichaa cha mbwa; ukichanja kwanza, chanjo hiyo haihesabiki. Uganda haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya umezilegezea masharti, kwa hiyo damu huchukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, hupimwa kinga ya kichaa cha mbwa kwenye maabara iliyoidhinishwa, kisha mnasubiri miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa. Hapo tayari ni miezi minne, bila kuhesabu ucheleweshaji. Usiache chanjo ipitilize tarehe ya kurudiwa, maana kipimo chote kitabatilika. Ireland na Uingereza hutaka pia dawa ya minyoo ya tegu itolewe na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Cheti cha afya cha kusafirishia mnyama fuatilia mapema Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, Entebbe.

Sasa kifunga mdomo. Hapa ndipo ningependa kila mtu atumie muda wake mwingi. Kumvalisha mbwa kwa mara ya kwanza katika mtaa wa kigeni, kwenye baridi, amechoka na safari, ni kumwonea. Nunua cha aina ya kikapu, kinachomwachia nafasi ya kufungua mdomo, kuhema na kunywa maji. Mimi nilipaka mukene (dagaa) uliosagwa na posho (ugali) laini ndani yake, nikakishika tu mkononi. Simba aliingiza pua mwenyewe, akalamba mpaka kwenye kona. Siku nyingi zilipita kabla sijagusa mkanda wake. Baadaye nikaufunga kwa kitambo kifupi, nikaufungua kabla hajaanza kukwaruza kwa makucha, halafu tukaanza kutembea kilimani alfajiri kabla boda boda hazijajaa. Kizimba cha safari nacho ni vivyo hivyo: alale humo nyumbani, mlango wazi, kwa muda mrefu. Mashirika mengine ya ndege hayabebi aina hizi kabisa, mengine hutaka kizimba kilichoimarishwa, kwa hiyo ulizia kabla ya kulipa. Na tafadhali usimpe dawa ya usingizi.

Mwisho ni nyumba. Wenye nyumba wengi husema mbwa wanaruhusiwa, halafu wanabadilika wakimwona. Tuma picha yake, tuma na video akitembea amefungwa mdomo, kisha omba ruhusa ya maandishi. Hakikisha imeandikwa "Rottweiler". Ikiandikwa "mbwa" tu, irudishe irekebishwe kabla hujatuma amana.