Ovataimu: Kabla ya Moja na Nusu, Tafuta Kigawanyo Chako

Barua nyingi zinazonifikia zinauliza kitu kilekile: "Nimefanya saa za ziada, nilipwe kiasi gani?" Mshahara haukutajwa, saa za wiki hazikutajwa, nchi haikutajwa. Siwezi kupiga hesabu hewani. Niandikieni mshahara wa msingi, saa za kawaida za wiki kama zilivyo kwenye mkataba, na saa mlizozidisha, kila moja na tarehe yake. Waliofanya hivyo nimeanza nao.

Mshahara wangu wa msingi ni 780,000 kwa mwezi, nafanya kazi saa 45 kwa wiki. Mwezi uliopita nilizidisha saa 10. Mhasibu amegawa mshahara kwa 240, kisha akazidisha kwa moja na nusu. Yuko sawa?

Hayuko sawa, na kosa lake haliko kwenye moja na nusu, yaani kiwango cha saa ya ziada. Liko kwenye 240. Amechukua siku 30 akazidisha kwa saa 8, kana kwamba huna siku hata moja ya kupumzika. Mwaka una wiki 52. Gawa kwa miezi 12, unapata wiki 4.333 kwa mwezi. Zidisha kwa saa zako 45, unapata 195. Hicho ndicho kigawanyo chako. 780,000 ukigawa kwa 195 unapata 4,000 kwa saa. Mara moja na nusu ni 6,000, na saa 10 ni 60,000. Kwa 240 yake saa yako imeshuka hadi 3,250, saa ya ziada ikawa 4,875, na saa 10 zikazaa 48,750. Umepunjwa 11,250 kwa mwezi mmoja tu, na kwenye slipu panasomeka "ovataimu x 1.5" kama kawaida.

Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 imeiweka 4.333 hiyo kwenye jedwali lake, kwa hiyo hapo hakuna cha kubishana. Kenya, kanuni za jumla za mishahara zenye wiki ya saa 52 zinatumia 225. Piga 52 mara 4.333 uone ilikotoka. Mwenye wiki ya saa 40 anagawa kwa 173.33. Kigawanyo kinafuata saa za wiki, na kadiri kinavyopandishwa ndivyo saa yako inavyokuwa rahisi kwa mwajiri. Nimeshaona hadi 720, yaani siku 30 mara saa 24. Huo ni wizi, na aliyeuandika kwenye kompyuta ya mishahara alijua anachofanya.

Nalipwa kwa mwezi, si kwa siku. Nina haki ya ovataimu?

Ndiyo. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno. Wanaoachwa nje na sheria nyingi ni wakuu wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri, na kinachotazamwa ni kazi unayoifanya. Neno "meneja" kwenye kitambulisho peke yake halitoshi.

Nilizidisha saa 2 na dakika 40. Nimeandika 2.40, ni sahihi?

Si sahihi. Saa ina dakika 60, si 100. Gawa 40 kwa 60, unapata 0.67, kwa hiyo ni saa 2.67. Kwa yule wa 6,000 kwa saa, 2.40 ni 14,400 wakati haki yake ni 16,000. Wahasibu nao wanakosea hapa, hasa wanapoingiza muda kwenye programu bila kuubadilisha kwanza. Kagua.

Ovataimu inapigwa kwenye mshahara wa msingi au kwenye jumla pamoja na posho?

Inategemea sheria iliyo juu yako. Tanzania ni mshahara wa msingi, posho haziingii. Marekani, chini ya sheria yao ya 1938, kima cha saa kinabeba pia nyongeza ya zamu na bonasi ambayo mfanyakazi aliahidiwa mapema.

Hukuuliza, lakini nakuonya. Ukiletewa mkataba ambao mshahara wa msingi ni mdogo na posho zimerundikwa chini yake, usifurahie jumla. Fedha inayokuja mwisho wa mwezi ni ileile, ila kila saa ya ziada utakayofanya itapigwa kwenye kile kidogo, na mara nyingi mafao yako ya uzeeni nayo yatafuata mkondo huo. Bishana siku ya kusaini, kwa sababu baadaye utakuwa umechelewa.

Zamu ya usiku inalipwa badala ya ovataimu?

Hapana, ni vitu viwili. Tanzania, saa ya usiku (kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi) ina nyongeza isiyopungua asilimia 5, na saa hiyo ikiwa ni ya ziada, asilimia 5 inapigwa juu ya kiwango cha ovataimu. Yule wa 6,000 anapata 6,300.

Nahitaji fedha. Katika wiki nne nimefanya saa 80 za ziada. Niendelee?

Usiendelee. Tanzania kikomo ni saa 50 katika wiki nne, na kikomo hicho kiliwekwa kwa sababu mtu aliyechoka anakatwa vidole na mashine au analala kwenye usukani. Mwajiri anayehitaji saa 80 kila mwezi anahitaji mfanyakazi mwingine. Asikufanye wewe kuwa watu wawili.

Mimi ni mwajiri. Wafanyakazi wangu wamekubali siku ya mapumziko badala ya fedha. Inafaa?

Angalia kwanza kama sheria yako inaruhusu. Marekani, kampuni binafsi kwa kawaida haziruhusiwi kumfanyia hivyo mfanyakazi mwenye haki ya ovataimu. Inaporuhusiwa, usibadilishe saa moja kwa saa moja. Saa inayolipwa mara moja na nusu inazaa saa moja na nusu ya mapumziko.

Nina wafanyakazi sita tu na tunaaminiana. Lazima niandike saa za kila mmoja?

Andika. Niliwahi kukaa ofisi ya mishahara ya mwajiri mmoja, nikaletewa daftari la mahudhurio. Siku 26, mstari chini ya mstari: kuingia saa 2:00, kutoka saa 11:00, wino uleule wa buluu, mwandiko mmoja, saini za watu 14 zimewekwa kwa mkupuo. Mtunza ghala akaja na vipande vya boksi alivyokuwa akivichana na kuviweka mfukoni, kila kimoja kina tarehe na saa aliyofunga mlango. Nikavipanga mezani kando ya hati za kupokelea mizigo, ambazo madereva walizigonga muhuri wa tarehe na saa. Vikaoana, kimoja baada ya kingine. Daftari halikuwa na thamani tena, na yule mwajiri akalipa. Ukiwa na watu sita unahitaji karatasi moja kwa wiki, kila mtu aandike mwenyewe anapoingia na anapotoka.

Bosi anasema hakuidhinisha ovataimu kwa maandishi, kwa hiyo halipi. Lakini aliniona nikifanya kazi hadi usiku.

Kama alikuona, akaipokea kazi na kuitumia, aliiruhusu. Asiyetaka ovataimu awaambie watu waondoke. Kwako wewe: kila siku utakayobaki, mtumie ujumbe mfupi kabla hujatoka, "Nimemaliza mzigo wa leo, natoka saa 3:20 usiku." Usiufute, na usikae nao mwaka mzima bila kudai, maana muda wa kufungua madai una mwisho wake.