Picha za Ziwa Tanganyika zinatoka mbingu nyeupe na mitumbwi myeusi? Anza na jua, lenzi baadaye

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini tangu uhamie Kigoma kutoka Dar picha zako za ziwa zina mbingu nyeupe na mitumbwi myeusi, na kama ununue lenzi nyingine. Lenzi iache kwanza. Umeandika kwamba unafika ufukwe wa Kibirizi saa kumi na moja jioni na kufunga begi saa kumi na mbili na nusu, kama ulivyozoea Kigamboni. Hapo ndipo tatizo lilipo, na ni la aina mbili.

La kwanza ni upande. Kigamboni bahari iko mashariki, kwa hiyo jioni jua liko mgongoni kwako na kila kilicho majini kinapigwa mwanga wa mbele. Huku ziwa liko magharibi. Jioni ukilitazama, jua linakuja moja kwa moja kwenye lenzi, na upande wa mtumbwi unaouona wewe ndio wenye kivuli. Kamera haiwezi kubeba mbingu ile na mbao zile kwa pamoja, inachagua kimoja. Ukitaka mwanga ule wa Kigamboni jioni, huku uamke asubuhi. Jua linatokea nyuma ya vilima vya mjini, linaanza kugusa milima ya Kongo ng'ambo, kisha maji, na ufukwe wenyewe ndio wa mwisho. Muda huo wavuvi wanarudi na dagaa. Rangi za mitumbwi, nyavu, nyuso za watu, vyote unavipata bila kuhangaika na mipangilio.

La pili ni saa. Tanzania nzima tunatumia saa iliyopangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, wakati Kigoma tuko karibu nyuzi 29.6. Kila nyuzi moja ni dakika 4 za jua, kwa hiyo tumechelewa kama saa nzima. Jua la utosini kwetu ni saa saba mchana, si saa sita. Ukilinganisha na Dar, jua letu liko nyuma kwa dakika 39 hivi. Saa kumi na moja unapofika Kibirizi bado liko juu, kali, na weupe wake unakausha kila kitu. Linazama saa moja kasoro kidogo mwezi wa 11, na mwezi wa 2 linaweza kufika saa moja na dakika 20 na ushei. Wewe saa kumi na mbili na nusu unapanda bodaboda kurudi mtaani kwako Mwanga, kazi ndiyo kwanza inaanza!

Halafu usidanganywe na masomo ya mtandaoni ya watu wa Ulaya wanaosema una saa nzima au zaidi ya mwanga wa dhahabu, ule laini wa manjano jua likiwa chini. Kule jua linazama kwa mshazari. Sisi tuko chini kidogo ya ikweta, linashuka karibu wima. Toka lilipo nyuzi 6 juu ya upeo hadi kugusa ni dakika 25 hivi, na milima ya Kongo inalimeza kabla halijafika huko. Kwa hiyo fremu ipangwe mapema, stendi ya kamera iwe imesimama, umeshajua mtumbwi gani unautaka.

Kama unataka jioni hiyo hiyo, kubali weusi. Pima mwanga wa mbingu pembeni ya jua, si wa mtumbwi, halafu tafuta umbo: mtu amesimama na pondo, mlingoti, nyavu zilizoanikwa. Vitu visigusane, maana vikishakuwa vyeusi vikigusana vinakuwa bonge moja lisiloeleweka. Na usilitazame jua kupitia kitundu cha kamera ukiwa na lenzi ndefu. Macho hayana spea.

Msimu nao una kauli yake. Kiangazi, hasa mwezi wa 7 hadi wa 9, moshi wa mioto ya nyika na vumbi vinajaa hewani na Kongo inapotea kabisa. Watu wengi wanaweka kamera kabatini. Mimi napenda sana kipindi hicho. Jua linakuwa duara jekundu lisilo na miale, kwa sababu rangi ya buluu imetawanywa njiani na moshi umekula ukali wake, na vilima vya pwani vinakuja tabaka kwa tabaka, kila kimoja kimefifia kuliko cha mbele yake. Ukitaka milima ya ng'ambo yenye mikunjo yake, subiri masika, na utoke mara tu mvua inapokatika. Hewa imeoshwa, mawingu bado yamesimama, na mwanga unapenya vipande vipande. Ukichelewa kwa kunywa chai, umekosa.

Mchana wa utosini pia si wa kutupa, ingawa wengi wananibishia hapa. Maji ya Tanganyika ni maangavu, na jua likiwa juu linaingia hadi chini ukaona mawe. Panda mwambani, inamisha kamera kwa nyuzi 37 hivi kutoka usawa wa maji, funga filta ya polaraiza (kioo cha mbele ya lenzi kinachokata mng'ao) na uizungushe taratibu mpaka mng'ao ukatike. Jioni mawe yale huyaoni.

Kwa taa za wavuvi wa dagaa usiku, angalia mwezi kwanza. Siku za mbalamwezi kamili taa hazivuti dagaa vizuri na wengi hawatoki. Nenda siku za giza, ukiwa tayari kabla buluu ya mwisho haijaisha mbinguni. Dakika 20 hivi baada ya jua kuzama ndipo mbingu na taa vinakaribiana nguvu.

Kuhusu hela yako sasa: ile lenzi yako ya 18-55 inatosha kabisa. Nunua filta ya polaraiza na stendi nzito kidogo, maana upepo wa ziwani unatikisa hizi nyepesi. Gatini na stesheni omba ruhusa kabla hujatoa kamera. Ukipiga Kibirizi asubuhi weka picha humu, uandike na saa uliyopiga.