Nimekaa chini ya miti, mbona sipati nafuu?

SWALI: Shikamoo Mama. Tangu kazini wapunguze watu, nafanya kazi ya watu wawili. Usiku nashtuka saa nane, nahesabu yaliyobaki hadi kunakucha. Rafiki yangu alinishauri niwe nakwenda kukaa penye miti. Nimekwenda Jumapili tatu. Nakaa kwenye benchi, najibu jumbe za kazini, narudi nyumbani na uzito ule ule. Sifurahii hata kidogo. Haya mambo ya miti ni kweli, au watu wanajifariji tu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale uliposema unajibu jumbe za kazini. Nitapafikia.

Ni kweli, wala si kujifariji. Nimekuwa nesi wa wodi ya upasuaji kwa miaka 31, na kitanda kilichogombewa kuliko vyote kilikuwa cha dirishani, kilichotazama mti mkubwa wa kivuli. Wagonjwa walinishika mkono: “Sista, yule akiruhusiwa, nihamishie pale.” Nilidhani wanataka hewa tu. Miaka mingi baadaye nikasoma utafiti wa Roger Ulrich uliotoka mwaka 1984. Alipitia kumbukumbu za wagonjwa 46 waliotolewa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, kati ya 1972 na 1981. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti walilazwa wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, wa ukuta 8.70, na wale wa miti walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Nilimkumbuka mama mmoja niliyemlaza kwenye kona iliyotazama ukuta. Kila asubuhi aliniuliza kama nje kumeshapambazuka. Ningejua, ningemhamisha siku ile ile. Mpaka leo linaniuma.

Sasa turudi kwenye benchi lako. Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, walieleza kwamba umakini wetu ni wa namna mbili. Upo wa kujilazimisha, tunaoutumia kwenye hesabu, ripoti na kujibu watu. Huo huchoka kama mkono uliobeba ndoo njia nzima. Na upo unaovutwa wenyewe, bila nguvu: majani yakicheza na upepo, maji yakipita, siafu wakifuatana. Huu wa pili ukishika zamu, ule wa kwanza hupumzika. Wewe ulikaa kivulini, lakini ndoo hukuitua. Kila ujumbe uliojibu uliirudisha kazini akili ile ile iliyochoka.

Kuhusu kutofurahia, usijilaumu kabisa. Mwaka 2008, watafiti wa chuo hicho hicho walitoa matokeo ya wanafunzi waliotembea kwa karibu saa moja, siku moja penye miti, siku nyingine katika barabara za mji. Kabla na baada walitakiwa kurudia tarakimu kinyumenyume. Wakitoka mitini walizikumbuka vizuri zaidi. Na waliotembea wakati wa baridi kali hawakuyapenda matembezi yale, ila akili zao zilinufaika vile vile. Kwa hiyo raha isipokuja, nenda tu.

Ila simu iache nyumbani. Ukiogopa kutafutwa, waage kazini mapema kwamba kwa saa hiyo hupatikani. Kaa angalau dakika ishirini. Chagua kitu kimoja, tawi au ndege, ukiangalie bila haraka; mawazo ya kazi yakija, yaache yapite, urudishe macho pale pale. Msitu si lazima, miti michache inatosha.

Kazi ya watu wawili, mwanangu, miti haitaipunguza. Hiyo lazima uizungumze na mkuu wako, tena ukiwa na orodha mkononi. Na kama kuamka saa nane kumeshazidi wiki kadhaa, au unaanza kuona maisha hayana maana, muone daktari wiki hii, usisubiri Jumapili.

Kisha niandikie tena, unieleze ndege gani wanatua kwenye mti wako.