Kabla ya Kumtumia Ndugu Umeme, Soma Risiti Yake ya LUKU

Mama yangu mdogo wa Temeke alipofiwa na mumewe, sisi vijana wake watatu tulianza kumsaidia umeme, kila mmoja akimtumia tokeni kwa simu wakati wake, leo elfu tano, kesho kutwa elfu kumi, na hakuna aliyemwuliza mwenzake. Tulijiona waungwana. Mwaka mmoja baadaye alinilalamikia kwamba elfu mbili yake haifiki hata Alhamisi, ndipo nilipomwomba anisomee ujumbe wa manunuzi ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, neno kwa neno: kwa 2,000 alikuwa anapata uniti 5.6 tu.

Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa majumbani, yaani wa daraja la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi, na ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, uniti inamfikia kwa 122. Mteja wa T1, yaani daraja la matumizi ya kawaida, hulipa 292, ambayo pamoja na makato hayo inakaribia 356. Mama alikuwa ameshahamishiwa T1, kwa kuwa kinachohesabiwa ni uniti zinazonunuliwa, na huruma yetu isiyo na mpangilio ilikuwa imemvusha 75 mwezi baada ya mwezi. Uniti 50 ambazo zingemgharimu 6,100 alikuwa akizilipia 17,800.

Kwa hiyo, unayetaka kumsaidia mtu aliyebanwa, anza kwa kugawanya fedha kwa uniti alizopata, ukiondoa kwanza kodi ya jengo ambayo hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Ikiwa yuko T1 na matumizi yake ni madogo, aende ofisi ya umeme ya eneo lake na namba ya mita, aombe kurudishwa D1. Mama alirudi mara mbili, kwani ilibidi kwanza aonyeshe miezi kadhaa ya manunuzi yaliyo chini ya 75. Sisi nasi tukakubaliana kwamba tokeni atanunua mwenyewe, sisi tutume fedha taslimu.

Baada ya hapo ndipo tulipogusa vifaa. Taa ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi, ilhali ya LED ya wati 7 hula takriban 1. Tulibadilisha taa tatu, tukaishia hapo.

Kwa wapangaji wanaochangia mita moja mambo ni magumu zaidi, kwa sababu nyumba ya vyumba sita haiwezi kubaki chini ya 75, na mwenye taa moja hulipia bei iliyoletwa na friji la jirani. Hapo sijapata dawa nyingine zaidi ya kumbembeleza mwenye nyumba aruhusu mita tofauti.

Mama sasa ana daftari kando ya mita. Tarehe 24 ya mwezi uliopita alinipigia simu kuniambia kwamba ameshanunua uniti 68, na mapazia atayapiga pasi tarehe mosi.